Hindi la Mwana wa Kwanza

Nyumbani kwetu, ukitoka Tarasaa ukashuka upande wa mto, kulikuwa na kigingi cha mti mgumu kilichosimikwa nyuma ya ghala. Kilimfika mtu mzima gotini, na shingoni kilifungwa kitambaa chekundu na cheupe. Hiyo ilikuwa koma ya babu, yaani mahali pa kukutana na roho yake. Babu mwenyewe alizikwa kusini, huko tulikotoka Wagiriama wengi wa hapa kuja kutafuta ardhi yenye maji. Baba alisema mzee hawezi kuachwa kule peke yake wakati watoto wake wanakula huku, basi akamchongea kigingi, na kila lilipotokea jambo kubwa alikwenda akachuchumaa mbele yake akamweleza.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Niliuliza babu anasikiaje na hana masikio. Niliuliza kama anajua Kipokomo, maana majirani zetu wengi ni Wapokomo na huenda anakosa wa kuzungumza naye. Niliuliza kwa nini kuku humnyea na hakuna anayewafanya lolote. Mama alikuwa akinifinya. Baba, siku akiwa na nafasi, alikuwa akicheka na kuniambia, "Mama, wewe siku moja utamuuliza Mungu kitambulisho." Aliniita mama kwa sababu mimi ndiye mwana wake wa kwanza, na nilipewa jina la mama yake kama desturi inavyotaka. Nikimuudhi niliitwa "wewe", basi.

Sikuokoka kwa sababu ya dhambi, ingawa nilikuwa nazo za kutosha. Niliokoka kwa udadisi. Nilipokuwa kidato cha pili rafiki yangu mmoja, Mpokomo, alinipeleka kanisani kwao, nyumba ya udongo na mabati kando ya barabara ya Malindi, nami nikataka kujua watu huona nini wanapofumba macho vile. Nikafumba yangu. Sikuona kitu. Nilichokipata ni utulivu ambao sikuwahi kuujua, kichwa changu kuacha kuuliza kwa muda wa wimbo mzima. Wiki iliyofuata nilirudi kuangalia kama nitaukuta tena, nikaukuta.

Kwa rafiki yangu huyo kanisa lilikuwa jambo la kurithi. Watu wao wa Ngao na Golbanti walianza kuimba nyimbo hizo enzi za babu zao, na mtoto wa kwao akienda kanisani hakuna anayegeuza shingo. Kwetu nilikuwa wa kwanza. Mchungaji naye, kama mama, hakuyapenda maswali yangu. Nilimuuliza waliokufa kabla injili haijafika pwani wako wapi, na ukweli ni kwamba nilikuwa nikimuulizia babu. Akaniambia nisome, niombe, na niwahi mafundisho. Nilibatizwa mtoni wakati wa kiangazi, vijana wawili wakiyapiga maji kwa makasia kuwatisha mamba, na mchungaji akaliharakisha jina la Baba na la Mwana kuliko ilivyo kawaida yake.

Baba alipopata habari hakunipiga. Aliniuliza kama ni shule iliyonilazimisha. Nilipomwambia hapana, akasema usiache mbachao kwa msala upitao, na kuanzia siku hiyo zamu ya kuamia ndege shambani kila Jumapili ikawa yangu. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa mashuke, na mtu akiuacha saa moja tu ndege huumaliza. Tulikuwa na dungu la miti katikati ya shamba. Unapanda juu asubuhi na teo lako la kurushia mawe na bati la kugonga, hushuki mpaka jua lipungue makali. Hesabu ya baba ilikuwa kwamba Jumapili chache juu ya dungu zitanitoa kanisa kichwani.

Hakujua kwamba ndege huogopa nyimbo za dini sawasawa na matusi. Niliimba koo likakauka. Jumapili ya tatu vijana wenzangu wanne walinifuata huko huko baada ya ibada, wakaketi chini ya dungu kwenye kivuli chake, wakaniletea mahubiri kama mtu anavyoletewa chakula hospitalini. Kiongozi wetu alikuwa fundi wa pikipiki pale Garsen, mkubwa wetu kwa miaka michache. Ami zake walimfukuza bomani alipokataa kupelekwa kwa mganga, na tangu hapo akalala katika chumba cha vipuri. Alikuwa na sauti nene na uhakika wa mambo yote. Nilimheshimu sana, na uhakika wake niliuonea wivu.

Mpunga wenyewe haukufika mbali. Mto ulifurika ukaufunika, na msimu uliofuata mvua ikakataa kabisa. Kwa hiyo ilipita zaidi ya miaka miwili tangu nibatizwe kabla shamba letu halijatoa kitu cha kuingia mdomoni. Nayaeleza haya ili ieleweke kwa nini mimi na baba hatukugongana mapema. Jambo la kutugonganisha halikuwepo.

Jambo hilo ni hili. Kwetu, chakula kipya hakiliwi ovyo. Hindi la kwanza la msimu huchemshwa, likapelekwa kwenye koma, likanyunyiziwa unga wa mtama uliokorogwa kwa maji na tone la mnazi, yaani tembo, na baba akamwambia babu kwamba chakula kimefika. Hindi hilo hilo kisha hupewa mwana wa kwanza, ale yeye kabla ya mtu yeyote. Baada yake ndipo wengine hula. Kwanza wazee waliolala, kisha mwana wa kwanza, kisha nyumba nzima. Ndiyo foleni, na hakuna wa kuivuruga. Utotoni nililipenda hindi lile mno. Wadogo zangu watatu walikuwa wakisimama kunitazama nikitafuna, nami nilikuwa nikitafuna polepole makusudi.

Mwaka ule mahindi yalikubali. Maji ya mto yalipanda kiasi, yakashuka kwa wakati, na udongo yalioacha ulikuwa mweusi na laini. Nikiwa kidato cha nne, likizo ya Agosti, niliona punje za mahindi zimejaa maziwa, nikajua siku zangu zimehesabiwa.

Nilipeleka shauri kwa wenzangu. Rafiki yangu Mpokomo alisema nile tu, moyoni niombe, kwani hindi ni hindi. Fundi alikataa kata kata. Alisema chakula kilichotolewa kwa mizimu kikiingia tumboni kinaingia na wenyewe. "Ukikula hiyo umeisha," aliniambia. "Utakuwa umewaambia ulikuwa unacheza." Nilirudi nyumbani nikilipindua neno hilo huku na huku. Sikuogopa mizimu. Niliogopa ile "unacheza", kwa sababu ndivyo baba alivyokuwa akisema.

Ikafika asubuhi yenyewe. Mnazi ulikuwa umekuja kwa dumu kutoka upande wa Malindi. Baba alivaa shuka yake ya kazi hizo, mama akaketi kando na ungo, wadogo zangu wakajipanga. Baba alichuchumaa akasema na babu kwa muda mrefu, kwa Kigiriama cha zamani ambacho nusu yake sikukielewa, kisha akageuka na hindi limelowa na kuniita mama. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa matatu tu.

"Siwezi, Baba. Nisamehe."

Hakupaza sauti. Alilitazama hindi, akanitazama mimi, akalirudisha kwenye ungo taratibu kama mtu anayelaza yai. Akasema kwamba basi hakuna atakayekula, akaondoka kwenda shambani. Kitinda mimba wetu, msichana wa miaka mitano, akamuuliza mama kama hakuna atakayekula leo au hakuna atakayekula kabisa.

Ilikuwa hakuna kabisa. Siku ya pili, ya tatu, ya nne, tulikula ugali wa unga wa dukani na mchicha, na unga ulikuwa unaelekea ukingoni, huku nyuma ya nyumba yetu mahindi mabichi yamesimama yamejaa. Majirani walichoma yao, na moshi wake ukawa unatufikia jioni. Nyani hawakuwa na mwana wa kwanza, wao walikula. Na mahindi mabichi hayamngoji mtu. Kila siku punje ilizidi kukauka kidogo. Wadogo zangu waliacha kunisemesha. Yule mdogo alinifuata mara moja tu, kuniuliza kama kutafuna bua la muhindi ni kula mahindi mapya au si kula. Lilikuwa swali zuri, la aina yangu. Nilimwambia atafune.

Nilikuwa na hasira, nakiri. Niliona baba amewafanya watoto kuwa fimbo ya kunichapia. Ya kunipeleka kwenye dungu nilimwelewa, ile ilikuwa kati yangu na yeye. Hii ya kuwatia njaa watoto ili mimi nivunjike niliiona ni ukatili, na niliomba kila asubuhi kwa meno yaliyokazana. Jumapili nilitoroka kwenda kanisani. Fundi alinisimamisha mbele akaeleza habari zangu, watu wakanipigia makofi, mama mmoja akanikumbatia akilia. Naomba nisiwe mnafiki: nilifurahia. Nilitembea kurudi nyumbani nimenyoosha shingo. Nilipofika niliwakuta wadogo zangu wamekaa kivulini, midomo imechanika pembeni kwa kutafuna mabua, na furaha yote ikanitoka.

Aliyenizindua hakuwa Mkristo wala Mgiriama. Alikuwa mama mmoja Muorma aliyekuwa akituletea maziwa asubuhi, mwanamke mrefu mwenye macho ya kucheka, aliyetujua tangu tulipohamia. Siku ya nane alimmiminia mama maziwa, akatazama mahindi nyuma ya nyumba, akatazama watoto.

"Hii nyumba imefunga mwezi gani?" akauliza. "Mahindi iko, watoto hapana kula."

Mama aliingia ndani kwa aibu. Nikamsindikiza yule mama hadi njiani nikamweleza kila kitu, kwa ukali, nikitarajia anionee huruma. Alisikiliza akifunga kibuyu chake. Alisema kwao pia mtu akibadili dini nyumba hutikisika, hata yeye asingependa yampate. Kisha akauliza baba yangu anaogopa nini. Nikasema haogopi kitu, ananikomoa. Akatikisa kichwa. Akasema mtu anayekomoa mtoto hula mbele yake, na baba yako tangu juzi hata maziwa yangu hanywi. "Wewe ya kuuliza uliza," akaniambia, "umeuliza yeye?"

Sikuwa nimemuuliza. Mimi niliyemuuliza mchungaji habari za wafu wa pwani nzima, nilikaa siku nane na baba yangu bila kumuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeshajipa jibu, na jibu lenyewe lilinipendeza kwa sababu lilinifanya mimi kuwa mwema.

Nilimkuta shambani alasiri hiyo, amekaa kwenye kichuguu na manati mkononi, anawafukuza nyani kwenye mahindi ambayo yeye mwenyewe haruhusiwi kuyala. Alikuwa amekonda. Nilikaa chini, mbali kidogo, nikamuuliza kwa nini wadogo zangu hawawezi kula bila mimi. Nilisema sitaki kubishana, nataka kujua tu.

Aliwarushia nyani jiwe moja la manati. Halafu akasema mdogo akitangulia kula chakula kipya, mkubwa amerukwa. Na aliyerukwa hudhoofika. Hukonda, hukohoa, mwisho hulala asiinuke. Nikamwambia taratibu kwamba mimi siyaamini hayo, kwa hiyo wao wale tu, mimi sitapatwa na neno.

"Hata dada yangu hakuamini," alisema.

Nilijua alikuwa na dada aliyefariki msichana. Sikujua zaidi ya hapo, na kwetu watu hawaulizi. Aliniambia alikuwa mkubwa wake kwa miaka mitatu, ndiye mwana wa kwanza wa babu. Mwaka mmoja wa njaa, huko kusini, baba akiwa na miaka kama saba, aliiba hindi shambani kabla koma hazijapewa, akalichoma kichakani akala peke yake. Dada alimfumania. Akacheka, akamwambia asiogope, hayo ni maneno ya wazee, na hakumsemea kwa mtu. Kabla ya mavuno mengine dada alianza kukohoa. Babu alihangaika kwa waganga wote akitafuta kosa liko wapi, na mtoto aliyelijua kosa alikuwa amekaa pale pale, hakufungua kinywa. Walimzika akiwa mwepesi kama mtoto mchanga.

"Mimi ndiye niliyemruka," baba alisema. "Sikumwambia baba mpaka naye alipokufa. Nilikuja kumwambia kwenye koma." Akafuta jasho, au kitu kingine. "Wewe unaweza kunichukia. Kanisani kwako utakwenda, sikuzuii tena. Lakini hawa watoto hawatakula kabla yako. Mahindi yaoze yote. Siwezi kuzika wawili."

Siku hizi najua kuna magonjwa ya kifua yaliyoua watu wengi huko kusini, yenye majina na dawa, na huenda shangazi yangu hakurukwa na yeyote. Ningeweza kumwambia hivyo. Kidato cha nne tulikuwa tumeyasoma hayo, na jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nilimtazama uso nikaona kwamba amelibeba lile hindi tangu utoto wake, na nikajua si la kutolewa na mtoto wa shule kwa dakika mbili. Nilichokisikia kilikuwa aibu. Siku nane nilimwomba Mungu ambadilishe mkatili, kumbe mkatili mwenyewe alikuwa akishinda na njaa ili mimi nisife.

Nikarudi kwenye kazi yangu, nikauliza. Niliuliza kama shida ni mimi kutangulia, je, nikila hindi ambalo halijakwenda kwenye koma, la shambani tu, nikalishukuru kwa Mungu wangu, nikala kabla ya wadogo zangu, nitakuwa nimerukwa? Akafikiri. Akasema hapana, mimi sitakuwa nimerukwa. Nikafurahi, nikadhani mambo yamekwisha, nikasimama. Yeye hakusimama.

"Utakuwa umemruka babu yako," akasema.

Nilirudi kukaa. Foleni ilikuwa vile vile: wazee kwanza, kisha mimi. Lile hindi la ungo alilirudisha siku ile, akaona baba yake hakulipokea, kwa sababu sadaka ya mwana wa kwanza isiyoliwa na mwana wa kwanza imekataliwa. Kumpa lingine bila mimi kulila ni kumdhihaki. Kunipa mimi kabla yake ni kumtia babu nyuma ya mjukuu. Kwangu mimi haya yalikuwa maneno ya kigingi. Kwake yeye alikuwa baba yake mzazi, ambaye tayari alimkosea mara moja kwa hindi, na sasa mtoto wake anamwomba amkosee tena kwa hindi.

Sikumsukuma. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na swali la kuongeza. Tulikaa pale mpaka vivuli vya mahindi vikatufikia. Nyani mmoja alivunja hindi mbele yetu akala akitutazama, na baba hakuinua manati.

Halafu akainuka. Aliingia kwenye mistari akapapasa mahindi kwa mkono mpaka akapata moja ambalo bado laini, akalivunja. Alikusanya mabua makavu, akawasha moto pale pale, akalichoma akiligeuza kwa vidole vyake vigumu. Likaiva. Akanipa.

"Omba kwa huyo wako," akasema. "Omba kwa sauti."

Nikaomba, maneno machache ya shukrani kwa mvua, kwa udongo na kwa baba yangu. Hakufumba macho, nilijua kwa sababu mimi pia sikuyafumba yote. Nikauma. Alinitazama nikitafuna, nikimeza, nikauma tena, akaniambia nisiache punje. Nilipomaliza alizima moto kwa mguu akatangulia njiani.

Jioni ile mama alichemsha sufuria nzima na wadogo zangu wakala mpaka matumbo yakawauma. Baba hakuwa nao. Nilikwenda kumtafuta, na kabla sijaizunguka ghala nikaisikia sauti yake, safari hii si kwa Kigiriama cha zamani, ni kile chetu cha kila siku, cha mtu anayezungumza na baba yake barazani. Alimwambia asimtazame mtoto. Mtoto hakukudharau, alisema, mtoto hakuvunja hindi shambani, hakuwasha moto, aliletewa akala. Nimempa mimi, kabla yako, nikijua. Kama kuna wa kudhoofika, nidhoofike mimi.

Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole. Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani kwa ruhusa, na fundi aliponiita mbele nitoe ushuhuda wa ushindi nilimwomba anisamehe, nikabaki kwenye kiti changu. Naendelea kuamini nilichoamini, na sijakula cha koma tangu siku ile. Naamini kigingi hakisikii, na kwamba hakuna mtu anayekufa kwa sababu ya hindi. Niliamini hivyo hata wakati ule. Lakini msimu mzima ule baba alikuwa akinitazama mimi mezani kuona kama ninakonda, nami nikimtazama yeye, na kila alipokohoa, mkono wangu ulisimama na tonge hewani.